Umeandikiwa mzio wa penisilini: upimwe au uachwe hivyo?

Maneno "mzio wa penisilini" huandikwa juu ya faili mara moja, kisha huaminiwa maisha yote. Marekani mtu 1 hivi kati ya 10 ana rekodi ya namna hiyo, lakini wakipimwa, zaidi ya 9 kati ya 10 wanaivumilia dawa bila tabu. Mara nyingi chanzo ni mtoto mwenye homa ya virusi aliyepewa amoksilini, akatoka upele wa virusi siku ya tatu, lawama ikaangukia dawa. Au mtu aliharisha, karani akaandika mzio. Hata aliyekuwa na mzio wa kweli wa ghafla huenda hanao tena, kwani baada ya miaka 10 bila kuigusa dawa hiyo, kwa karibu 80% huwa umekwisha.

Kuacha maandishi yakae hivyo kuna gharama, na kwetu gharama hiyo inaanzia kliniki ya wajawazito. Mama mwenye kaswende hutibiwa kwa benzathine penisilini yuniti milioni 2.4. Dawa mbadala, erithromaisini na azithromaisini, hazivuki kondo la nyuma kiasi cha kumtibu mtoto, na doksisaiklini haishauriwi kwa mjamzito. Kwa hiyo neno moja lisilo na ushahidi linaweza kumwacha mtoto tumboni bila tiba. Upande wa moyo, utafiti wa GOAL uliofanyika Gulu, Uganda, ukachapishwa 2022, ulifuatilia watoto 818 wenye madhara ya awali ya homa ya rumatiki, ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo na kuharibu valvu za moyo. Baada ya miaka 2 ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa 0.8% ya waliochomwa sindano ya benzathine penisilini kila wiki 4, dhidi ya 8.2% ya wasiochomwa. Mtoto mwenye neno "mzio" kwenye kadi hapati kinga hiyo.

Wanaotaka watu wapimwe wana hoja nyingine mpya: kipimo cha ngozi, chenye vitendanishi (dawa za kupimia) ghali visivyopatikana hospitali nyingi, si lazima kwa kila mtu. Jaribio la PALACE, lililochapishwa 2023, lilihusisha watu wazima 382 wenye hatari ndogo ya mzio huko Marekani, Kanada na Australia. Kundi moja lilimeza penisilini moja kwa moja, jingine lilianza na kipimo cha ngozi. Aliyepata mzio alikuwa mmoja tu kila upande.

Utaratibu wenyewe wa jaribio la kumeza si mgumu. Mgonjwa asiwe na homa wala pumu iliyochachamaa, na awe ameacha dawa za mafua na mzio kama Piriton na setirizini kwa siku 5 hadi 7, maana huficha dalili. Pima presha, mapigo na oksijeni, kagua ngozi yote kabla ya kuanza, ili kipele cha jana kisije kuhesabiwa cha leo. Kwa mtu mzima, dawa ya maji ya amoksilini ya 250 mg kwa 5 ml inarahisisha hesabu: 1 ml kwanza (50 mg), ngoja dakika 30, kisha 9 ml (450 mg), na uangalizi wa saa nzima. Kuwashwa tu, bila upele wala mabadiliko ya vipimo, kusikufanye usimamishe jaribio haraka, kwani hofu nayo huwasha.

Kama ni hivyo, kwa nini wengine wanasita? Jibu la kwanza ni historia. Alama za PEN-FAST, zilizotolewa Australia 2020, huuliza mambo matatu: tukio lilikuwa ndani ya miaka 5 iliyopita (alama 2), lilikuwa anafilaksia (mzio mkali wa ghafla unaoweza kuua), uvimbe wa uso na koo au ugonjwa mkali wa ngozi (2), lilihitaji matibabu (1). Chini ya 3 ni hatari ndogo. Lakini asiyejua lini, au kama alitibiwa, huhesabiwa kana kwamba jibu ni ndiyo. Mtu aliyenunua vidonge duka la dawa vikiwa kwenye bahasha isiyo na jina anaweza kufika alama 3 kwa kutojua tu. Huenda hata dawa haikuwa penisilini, ilikuwa Septrini, dawa ya salfa. Saa moja ya kumhoji mama yake inaweza kuwa na thamani kuliko kipimo.

Alama hizo pia zina mtego. Aliyewahi kutoka malengelenge, ngozi ikachubuka, midomo na macho yakaumia, miaka 12 iliyopita, anaweza kupata alama 2 na kuonekana salama. Huyo asipewe dawa hiyo kwa majaribio hata kidogo, alama ziseme nini.

Sababu ya pili ni maandalizi, na hapa wanaosita wana haki. Adrenalini inayofungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliye likizo haipo. Inatakiwa ikae mezani, 1 mg kwa ml, 0.5 ml kwa mtu mzima, 0.01 ml kwa kila kilo kwa mtoto bila kuzidi kiwango hicho, msuli wa paja upande wa nje, irudiwe baada ya dakika 5 hali isipobadilika. Kosa linalojirudia ni kuanza na haidrokotisoni na Piriton huku presha ikishuka. Kituo ambacho wahudumu wake wana mazoea hayo kisianze kupima kabla hawajafunzwa.

Njia ya kati inayotumika sehemu nyingine, ya kuchoma tone la benzathine chini ya ngozi na kusoma baada ya nusu saa, ndiyo mbaya kuliko zote. Dawa hiyo ni nzito na inakera ngozi, hivyo uvimbe haumaanishi mzio, na kutovimba hakumhakikishii mgonjwa usalama. Inazalisha maandishi mapya ya uongo.

Kuhusu vifo vinavyofuata sindano kwa wagonjwa wa moyo, si vyote ni mzio. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tahadhari kwamba kwa wenye valvu zilizoharibika vibaya, vifo hivyo huenda vinatokana zaidi na moyo dhaifu kushindwa kuhimili mshtuko wa sindano, na kikashauri vidonge vifikiriwe kwao. Mgonjwa anayepauka, anatoka jasho na mapigo yanapungua hafanani na yule mwenye vipele vilivyovimba, mluzi kifuani na mapigo ya haraka.

Kwa maoni yetu upimaji uanze hospitali za rufaa, wajawazito wenye kaswende na watoto wa rumatiki wakitangulizwa, wenye alama 0 hadi 2 tu, na ambao hawajawahi kupata ule ugonjwa mkali wa ngozi. Na matokeo yaandikwe kwenye faili, kadi na barua ya kurudi kituo cha karibu: jina la dawa, dozi, tarehe, "amevumilia". Mgonjwa aambiwe pia kwamba upele unaweza kutokea siku chache baadaye, arudi nao kabla haujapona.