Nyumba ya Udongo ya Pauni 10

"Yaani umelipa kiingilio kwenda kutazama nyumba ya udongo?" Ndivyo shangazi yangu alivyonijibu nilipomtumia picha za Clergy House, kijijini Alfriston, kusini mwa Uingereza. Na hakukosea. Ukiacha nguzo za mwaloni na paa la nyasi lililopunguzwa kingo kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, kuta zile ni za fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe. Fundi yeyote wa kukandika kutoka kwetu angeielewa kwa kuitazama mara moja.

Nyumba hiyo ni ya karne ya 14, ya mtindo ambao wataalamu huuita wa Weald, kwa jina la eneo lenye misitu la Kent na Sussex. Katikati kuna ukumbi mmoja ulio wazi tangu sakafuni hadi kwenye kombamoyo, na kila upande vyumba vya ghorofa moja. Zamani moto uliwashwa katikati ya ukumbi, kama tunavyowasha kwenye mafiga, na moshi ukajitafutia njia ya kutokea paani. Mabomba ya moshi yalikuja kuenea baadaye. Mbao zenyewe zilikatwa na kuchongwa zikiwa bado mbichi, zikaunganishwa kwa vigingi vya mti. Zilipokauka zilijikunja na kubanana zaidi, ndiyo maana hakuna mstari ulionyooka humo ndani. Mimi napenda hivyo. Nyumba iliyonyooka kila mahali hunitia wasiwasi, kama mtu asiyecheka kamwe.

Jina lake humaanisha nyumba ya makasisi, nayo imepakana na kanisa la Mtakatifu Andrea lililojengwa kwa mawe ya gumegume, ila inaaminika kwamba aliyeijenga kwanza alikuwa mkulima mwenye uwezo wake. Baadaye ikawa mali ya kanisa. Kufikia karne ya 19 ilikuwa imegawanywa wakaishi humo vibarua wa mashamba, kisha ikachakaa kiasi kwamba kanisa lenyewe lilitaka kuibomoa. Kasisi wa kijiji, F. W. Beynon, ndiye aliyekataa. Alianza kwa kubisha hodi kwenye chama cha kulinda majengo ya kale alichoanzisha William Morris na wenzake mwaka 1877, na mwishowe shauri likafika National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya kihistoria, lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mwaka 1896 wakainunua kwa pauni 10. Lilikuwa jengo la kwanza kabisa kumilikiwa na shirika ambalo leo lina wanachama zaidi ya milioni 5.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Nchi ile ina makasri yasiyohesabika, na walioanzisha shirika hilo, Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley, wangeweza kusubiri kasri. Wakaanza na kibanda kilichoinama ambacho hakuna mfalme aliyewahi kulala ndani yake. Naona walifanya sawa, kwa sababu kasri halikosi mtetezi. Lina picha, lina hati, lina ukoo unaojivunia. Nyumba ya kibarua ikianguka, wiki ya pili watu wanapita juu yake na mkokoteni.

Lakini kuna jambo linalonikera kidogo. Octavia Hill huyohuyo alikuwa amejulikana kwa kusimamia nyumba za kupangisha za maskini kule Marylebone, London, tangu mwaka 1865. Alijua vizuri nyumba ni nini kwa mtu asiye nacho. Ile ya Alfriston iliokolewa ikabaki ya kutazamwa: hakuna anayepika humo, hakuna mtoto anayefukuzwa ukumbini. Sheria za kulinda majengo zilizokuja baadaye, baada ya Vita Kuu ya Pili, zilijaribu jambo gumu zaidi, yaani kulinda nyumba huku mwenyewe akiishi ndani. Nimewahi kupanga chumba katika nyumba ya namna hiyo. Dirisha lilikuwa la kioo kimoja chembamba, Januari natoa mvuke mdomoni nikiwa kitandani, na mwenye nyumba ananiambia hawezi kubadili hata fremu bila kibali. Nililalamika mno. Hata hivyo, ningeulizwa leo kama dirisha lile ling'olewe, ningesema liachwe, bora mpangaji apewe blanketi la pili.

Turudi Alfriston, maana sijagusa sakafu. Ya ukumbini ni ya chaki iliyopondwa na kushindiliwa, mwamba uleule mweupe unaoonekana kwenye magenge ya Seven Sisters, si mbali na hapo. Ili isitoe vumbi, hupakwa maziwa yaliyochacha. Maziwa yakishanywewa na chaki na kukauka, sakafu inakuwa ngumu na yenye mng'ao hafifu, kama kibuyu kilichoshikwashikwa miaka mingi. Niliinama nikaipapasa kwa kiganja. Ilikuwa baridi, na haikuacha unga mkononi.

Hilo ndilo lililomgeuza shangazi. Bibi yetu alikuwa akisiriba sakafu kwa samadi kila Ijumaa, akirudi nyuma kinyumenyume hadi mlangoni ili asikanyage kazi yake, na nyumba hiyo tuliivunja wenyewe tukajenga ya matofali na bati. Shangazi alinyamaza muda, nikadhani mtandao umekatika. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti, mfupi:

"Maziwa sakafuni! Na inzi, je?"