Suruali Ilifika Magotini Tu

Naomba nianze na marekebisho. Suruali ilishuka mpaka magotini. MAGOTINI. Yule anayerusha sauti kwenye magrupu kwamba "shemeji yetu alivua akabaki kama alivyozaliwa" anajijua. Alikuwa meza ya nyuma karibu na wapishi, na tukio linatokea yeye alikuwa anagombea paja la kuku. Hakuona kitu. Mimi ndiye niliyeona, maana paja lililohusika lilikuwa langu.

Mnisamehe kama naandika kwa hasira. Jumamosi ni juzi tu, na hapa nilipo nimekalia tako moja.

Kwa ambao hamkuwepo: ilikuwa sendofu ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ukumbi mmoja pale Ipagala, Dodoma. Kwenye kamati mimi nilikabidhiwa mitambo. Siijui mitambo. Nilikosa kikao kimoja tu, na mnajua kamati zetu zinavyowafanya wanaokosa vikao.

Sasa kwenye bajeti kulikuwa na kamstari kamekaa pale chini, hakamsumbui mtu: "Betri za maiki, dazeni moja." Ujuaji ukanipanda. Nikasimama, nikawaambia wajumbe kwamba kununua betri, kutumia jioni moja na kutupa ni mambo ya zamani. Tununue za kuchaji, nne tu. Mbili zikae kwenye maiki, mbili ziwe akiba, na sherehe ikiisha bado ni mali. Mwenyekiti akauliza zinachajiwa mara ngapi. Nikasema mara mamia. Wakapiga makofi, wakafuta mstari. Mama mmoja akasema kumbe kamati ina msomi.

Nikaenda soko la Majengo. Kijana akanionyesha betri za dhahabu, zimeandikwa 8800 mAh, yaani ujazo wa chaji. "Kaka, hizi ukichaji leo unatumia mpaka Krismasi." Nikanunua nne, na chaja akaniongezea bure. Bure! Kutoka kwa mfanyabiashara wa Majengo! Hapo tu mtu mwenye akili angekimbia.

Nyumbani nikaziweka kwenye gari la kuchezea la mwanangu. Likatoka sebuleni, likafika mlango wa jikoni, likafa. Nikazipeleka kwa mama wa dukani mwenye mizani ya viungo, ile inayosoma gramu. Moja ilikuwa na gramu 14. Betri ya kweli ya saizi ile ya saa ya ukutani, ya kuchaji, inakimbilia gramu 27 hivi. Hata iwe nzuri vipi haitavuka sana 2500 kwenye ile namba ya ujazo. Ukiona 8800 ujue umeuziwa namba, ndani kuna upepo. Haya yote niliyajua baada ya kulipa, kama kawaida yangu.

Nikaingia tena mfukoni, pesa yangu safari hii, nikanunua nne za heshima. Zimeandikwa 2000 bila majigambo, na ni aina ile isiyovuja chaji ikiwa kabatini. Wajapani wa Sanyo walianza kuziuza mwaka 2005. Za zamani ukizichaji leo ukazisahau miezi michache unazikuta hoi, hizi hata baada ya mwaka bado zina sehemu kubwa ya chaji. Na zilikuja na kijisanduku cha plastiki, kila betri na chumba chake. Kikumbukeni hicho kijisanduku.

Alhamisi usiku nikazichomeka kwenye ile chaja ya bure. Saa nane Luku ikaisha. Mke wangu akaingiza umeme alfajiri, mimi nikaenda kazini roho kwatu. Kumbe chaja ile haina akili ya kujua betri imejaa. Inahesabu masaa tu, na umeme ukikatika ukarudi inaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo betri zilizokuwa karibu kujaa zikapewa zamu nyingine nzima, kama mgeni anayelazimishwa ugali sahani ya tatu. Nimerudi, nimeshika moja, ina moto kama andazi linalotoka kwenye mafuta. Mungu alikuwa ananionyesha trela, mimi nikabadilisha chaneli. Nikanunua chaja nyingine, yenye taa nne, inayopima kila betri peke yake na kukata yenyewe zikijaa. Matumizi yangu yalikuwa yameshapita mara tatu ile pesa tuliyoiokolea kamati. Mke wangu aliuliza, nikamwambia huu ni uwekezaji.

Ijumaa mwanangu akaomba kile kijisanduku aweke kalamu zake za rangi. Nikampa. Baba bora.

Jumamosi. Kamati tulikuwa na sare: suruali rangi ya damu ya mzee, imeshonwa Sabasaba na fundi anayeamini kwamba mwanaume akipumua suruali lazima ijue. Mfuko mrefu, mdomo mwembamba. Ndani ya mfuko wa kulia kulikuwa na funguo za nyumba, ufunguo wa pikipiki wenye kacheni ka chuma, sarafu kadhaa za mia mbili na mia tano, na zile betri mbili za akiba, zimejaa pomoni.

(Mafundi umeme mnaosoma hapa, naona mmeshaanza kushika vichwa. Tulieni.)

MC akawasha maiki, akaniita. "Kaka, vistari viwili. Haijajaa hii." Nikamweleza kwa utaratibu kabisa kwamba betri ya kawaida ikiwa mpya inatoa volti moja na nusu, hii inatoa moja nukta mbili, kwa hiyo maiki inadhani imeishiwa wakati ndiyo kwanza inaanza. Akaniangalia. "Mimi nasoma vistari, kaka, sisomi volti." Akaenda zake. Nilichokuwa sijamwambia ni kwamba betri hizi zina unafiki fulani. Zile za kutupa zinazeeka taratibu, unaziona zinachoka. Hizi zinasimama palepale muda mrefu, halafu zinaanguka ghafla bila kuaga. Ndiyo maana nilikaa kiti cha mbele kabisa, nikisubiri. Maiki ya pili ilikuwa ya waya, na waya wake ulikuwa unaishia kwa DJ.

Keki ikaliwa. Zawadi zikaja, masufuria, magodoro, mbuzi. Watu wakacheza kuanzia mlangoni mpaka mbele. Na mimi nikacheza, na mfukoni mwangu vitu vikawa vinajipanga upya.

Ndipo baba mkwe akasimama kutoa nasaha.

Nieleze kuhusu baba mkwe. Mzee wa Kigogo, wa Kongwa, anayeongea sentensi moja halafu anaipa muda ikomae. Mimi Mrangi wa Kondoa, nina miaka sita kwenye ukoo ule, na sijawahi hata kukohoa vibaya mbele yake. Nikimsalimia nainama mpaka naona viatu vyangu. Sasa kashika maiki, binti kapiga magoti mbele yake, ukumbi wote kimya, mpiga kinanda anagusagusa kwa mbali vile wanavyofanya watu walie.

"Mwanangu," mzee akasema. Akanyamaza.

Hapo nikasikia joto pajani. Joto zuri tu. Nikadhani nimekalia chupa ya maji ya mtu.

"Siku uliyozaliwa, mvua ilikuwa inanyesha." Akanyamaza tena. Kwa Dodoma hiyo peke yake ni habari, watu wakaguna.

Joto likaongezeka. Wazo la pili likanijia, na naliandika hapa kwa sababu sina tena cha kuficha: nilidhani nimejikojolea. Mtu mzima, mjumbe wa kamati. Nikashusha mkono kiustaarabu nikapapasa. Pakavu. Nikashukuru Mungu. Ile shukrani haijafika hata kwenye "amina", ule moto ukabadilika ukawa wa pasi.

Na muda huohuo, "Mwanangu, nataka leo, mbele ya watu hawa wote, nikuambie jambo moja ambalo..."

Kimya. Maiki imekufa.

Vichwa vyote vikanigeukia. Kamati, MC, mke wangu, mama mkwe, bibi harusi mtarajiwa amepiga magoti na machozi yananing'inia. Mzee mwenyewe akanyoosha ile maiki kuelekea kwangu, taratibu, vile anavyofanya kila kitu. Nikanyanyuka. Kosa. Kunyanyuka kulikaza suruali, suruali ikazikandamiza betri kwenye ngozi, na hapo nikajua moto unatoka wapi. Nikaingiza mkono mfukoni. Vidole viwili vikaingia, vikagusa, vikatoka vyenyewe bila ruhusa yangu.

"YESUUU!"

Jamani. Ukumbi wa watu mia tatu, na kimya kile.

Mzee akaitikia, "Amina."

MC, ambaye hahitaji maiki kuharibu maisha ya mtu, akapaza sauti: "Mtumishi ameguswa!" Mpiga kinanda akabadilisha ufunguo wa wimbo, akapandisha. Vigelegele vikaanza upande wa shangazi. Na mimi nipo katikati, naruka mguu mmoja, nakung'uta mwingine, kila nikikung'uta betri zinahamia sehemu yenye ngozi mpya. Shangazi mmoja akatoka kwenye kiti chake akaja kunitunza. Naapa. Alinibandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso huku naungua.

Mkanda. Nikafungua mkanda. Kifungo kikaruka chenyewe, sijui kilipo mpaka leo. Nikashusha.

Mnazijua zile bukta za mtumba zinazouzwa saba, kila moja na siku yake? Niliyovaa ilikuwa ya njano, imeandikwa Jumatatu kwa Kiingereza kwa herufi kubwa nyuma. Ilikuwa Jumamosi. Na kijana wa kamera, ambaye kazi yake usiku mzima ilikuwa kurusha picha kwenye skrini kubwa ya ukutani, akavuta karibu. Sijui alikuwa anatafuta nini. Herufi moja ya ile Jumatatu ilikuwa kubwa kuliko keki.

Funguo zikamwagika, sarafu zikabingirika, betri moja ikaenda kwa mwendo wa kistaarabu kabisa mpaka kwenye kiatu cha baba mkwe. Mzee, maiki bado mkononi, akainama kuokota. Nikataka kumwambia "Baba, usiguse", ikatoka "Baba, paja!" Akaigusa. Akaiachia. Na katika kushtuka, kidole chake kikazima swichi ya maiki, kikaiwasha tena.

Hapa ndipo nilipojifunza kwamba betri ikipumzishwa kidogo hujikusanya, ikapata nguvu ya mwisho ya sekunde chache. Maiki ikafufuka. Na zile sekunde chache, kwenye spika nne kubwa, watu wa Ipagala mpaka nje barabarani walisikia sauti tatu zikifuatana. Yangu: "Paja langu mama!" Ya mzee: "Hiki kitu kina moto!" Na ya mke wangu, aliyekuwa ameshafika na anainama kunipandisha: "Ndiyo uwekezaji wenyewe huu?"

Ikafa tena. Ilikuwa imemaliza kazi iliyoletwa kuifanya.

Mama mkwe alikuwa amejifunika kitenge kichwa kizima. Sijamuona uso tangu hapo.

Mengine mafupi. Nilimwagiwa ndoo ya maji ya kupozea soda, nikapelekwa nje kwa mlango wa wapishi, nikapakwa dawa, paja lina alama ya duara na ya kichwa cha ufunguo. DJ alinieleza kwamba kacheni kaligusa kichwa na kitako cha betri kwa pamoja, na hizi za kuchaji hazijui ubahili, zinamwaga umeme wote kwa mkupuo, ndiyo maana zinauzwa na kijisanduku. Maiki wakaiwekea betri za saa mbili za ukutani, ya ukumbini na ya jikoni. Mzee akamaliza nasaha. Wanasema lile jambo moja lilikuwa zuri sana, mimi nililisikilizia kwenye bomba la maji. Elfu tano ya shangazi ninayo.

Leo asubuhi simu ikaita: baba mkwe. Nikasimama, nikapokea nimeinama, peke yangu chumbani. Shikamoo, marahaba, kimya kirefu.

"Mkwe, zile betri zako. Zinaingia kwenye redio?"

Nikamwambia zinaingia, Baba.

Kimya kingine. "Jumapili ukija, niletee. Weka kwenye kapu."