Niliagiza Wakabane, Nikakabwa Mimi

Kosa lilikuwa langu, tena la mdomo.

Jioni ile niligawa vijana wanne kwa wanne, na kipa kila upande, uwanja wa mita 30 kwa 20, vipindi vya dakika nne nne. Mchezo mdogo namna hiyo ukiuacha bila maagizo, wengine hutembea kana kwamba wametumwa kukagua nyasi. Nikaanza na miguso miwili tu kwa kila mchezaji, kila apatapo mpira. Agizo zuri hilo, humlazimisha mtu kuangaza pembeni kabla pasi haijamfikia.

Dakika ya pili straika akabaki na goli tupu. Kipa yuko chini, beki kaachwa mbali. Akatuliza mpira, akausogeza, kisha akainua mikono na kuruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Mpira ukasimama hatua moja kutoka mstarini.

"Piga!"

"Kocha, miguso yangu imeisha."

Nikalifuta agizo hilo, nikaleta lile ninalolipenda kupita kiasi: mtu kwa mtu. Hapo mapigo ya moyo hupanda kwelikweli, maana hakuna pa kujificha wala pa kupumzikia. Nikasema, kwa mbwembwe zote, "Kila mmoja na mtu wake. Akienda popote, nenda naye!"

Punde mmoja akateguka kifundo, nikavaa kizibao kuziba nafasi yake. Aliyeangukiwa na kazi ya kunikaba alikuwa mdogo kuliko wote, kijana mtiifu asiyejua kucheka.

Alinibana hadi nikahisi pumzi yake mgongoni. Simu ikaita. Nikatoka nje ya mstari, naye akatoka. Nikazunguka nyuma ya goli, huyo hapo. Nikampungia mkono aondoke; akapinda magoti, akatanua mikono, macho kiunoni kwangu, vilevile nilivyomfundisha. Nikapokea tu. Alikuwa mke wangu, na sauti yake haihitaji spika.

"Umeondoka na funguo zote mbili! Na zile suruali ulizosema umefua, nimezikuta chini ya kitanda!"

Kijana hakupepesa hata jicho. Tukarudi uwanjani bega kwa bega.

"Vipi?" wenzake wakamuuliza.

"Hajapata nafasi hata moja," akajibu. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Ila suruali hajafua."