Jaji wa maisha na jaji wa kuongezewa muda

Kila jaji wa Marekani anapozuia amri ya Rais wake, vijiwe vya kahawa hapa Mwanza hugawanyika. Wako wanaosema kule ndiko kwenye mahakama za kweli. Wengine wanauliza ni demokrasia gani hiyo, mtu asiyepigiwa kura na yeyote kumkwamisha aliyechaguliwa na mamilioni. Mimi nadhani ubishi ungefaa kuanzia kwingine: jaji anaingiaje kazini, na nani ana uwezo wa kumtoa.

Kila jimbo kule lina mahakama zake, na kesi nyingi za kila siku, kama talaka, mirathi na wizi, huishia humo. Sambamba nazo zipo mahakama za shirikisho: 94 za kusikiliza kesi kwa mara ya kwanza, 13 za rufani, na Mahakama ya Juu ambayo tangu 1869 ina majaji tisa. Hizi hushika mambo ya Katiba na sheria za taifa zima, pamoja na madai kati ya watu wa majimbo tofauti yanayozidi dola 75,000. Hilo la mwisho halihitaji maelezo marefu kwa mtu wa ziwani. Mfanyabiashara wa dagaa wa Kirumba anayemdai mnunuzi wa Kisumu angelala vizuri zaidi kama jaji wa kesi yake hali mkate wa Kisumu.

Jaji wa shirikisho huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Akishaapishwa, hukaa hadi afe, aamue mwenyewe kuondoka, au Bunge limshtaki na kumwondoa, jambo ambalo kwa zaidi ya karne mbili limewakuta majaji wanane tu. Mshahara wake haupunguzwi. Februari 2017 jaji James Robart wa Seattle, aliyeteuliwa na George W. Bush wa chama kilekile cha Trump, alisimamisha nchi nzima amri ya Trump ya kuzuia wasafiri wa nchi saba. Trump alimkejeli mtandaoni, na serikali yake ikakata rufaa. Zaidi ya hapo hakuwa na la kumfanya.

Wanaopinga nao hawabwabwaji. Kama jaji mmoja anaweza kusimamisha sera ya nchi nzima, walalamikaji watakwenda kufungua kesi pale penye jaji wanayemtaka, na wamekuwa wakifanya hivyo, wa kulia na wa kushoto. Juni 2025 Mahakama ya Juu yenyewe ilizibana amri za namna hiyo, majaji sita kwa watatu.

Ila kwangu kasoro kubwa iko kwenye uteuzi. Kwa kuwa kiti ni cha maisha, vita yote huhamia mlangoni. Antonin Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu, alipofariki Februari 2016, Seneti ilikataa hata kumhoji Merrick Garland, chaguo la Obama, kwa kisingizio kwamba ni mwaka wa uchaguzi. Ruth Bader Ginsburg, jaji wa mahakama hiyohiyo, alipofariki Septemba 2020 akiwa na miaka 87, Seneti hiyohiyo ilimpitisha Amy Coney Barrett kwa kura 52 dhidi ya 48, siku nane kabla ya uchaguzi. Taifa zima lilikuwa limefikia kufuatilia vipimo vya hospitali vya bibi mmoja mgonjwa.

Sisi tumeliepuka hilo. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60, wa Mahakama ya Rufani 65. Lakini ibara ya 110 ya Katiba inamruhusu Rais, kwa manufaa ya umma, kuagiza jaji wa Mahakama Kuu aliyetimiza 60 aendelee, akikubali kwa maandishi, kwa muda ambao Rais atautaja. Chukua jaji mwenye miaka 59, mezani kwake kuna kesi ya wavuvi wanaoidai Serikali fidia ya nyavu zilizochomwa moto. Huenda ni mwadilifu kupindukia. Mvuvi atajuaje? Akishindwa kihalali kabisa, bado atatoka akinong'ona.

Ng'ambo ya ziwa Wakenya wanawahoji waombaji wa ujaji hadharani, na majaji wao hustaafu wakiwa na miaka 70. Hata hivyo, Tume yao ya Huduma za Mahakama, inayofanya usaili huo, ilipopendekeza majina 41 mwaka 2019, Rais Kenyatta aliyakalia hadi Juni 2021, mmoja wao akiwa ameshafariki, akateua 34. Sita waliobaki walisubiri hadi Ruto alipoingia madarakani mwaka 2022. Kwa hiyo usaili wa kwenye televisheni nao una mwisho wake.

Ujaji wa maisha siutaki. Hoja ya wanaotetea nyongeza, kwamba miaka 60 ni mapema mno kumpoteza mtu aliyeiva, naikubali. Basi umri upandishwe kwa majaji wote, uwe 65 au 70, na kifungu cha nyongeza kifutwe. Manufaa ya umma yatapatikana bila Rais kuchagua nani abaki.