Nyanya Zangu Zimekufa kwa Wema

Nilisafiri siku 9. Nimerudi nimekuta miche yangu 12 ya nyanya imelala juu ya tuta kama wagonjwa wodini. Laiti ingekuwa imekauka, ningelaumu jua na yangekwisha. Lakini udongo ulikuwa tope. Nilipoushika mche wa kwanza ulikuja wote mkononi bila ubishi, mizizi ya kahawia, laini, inanuka kama maji ya chombo cha maua kilichosahauliwa wiki mbili. Shangazi, niliyemwachia nyumba pamoja na maagizo ya kumwagilia asubuhi tu, tena siku moja na kuruka siku mbili, alikuwa amesimama nyuma yangu na keni mkononi.

"Pole na safari, mwanangu. Hizi nyanya zako zina kiu ya ajabu," akasema. "Kila mchana zinalegea. Nikawa nazipa. Na jioni nazipa tena."

Nikasema ahsante shangazi. Shangazi hagombezwi. Kwa hiyo nimekuja kugomba hapa.

Mmea ukinyauka saa nane mchana wa kiangazi hauombi maji. Nitalirudia hili hadi nizikwe. Jani lina vitundu vidogo vidogo, vingi vikiwa upande wa chini, na ndimo maji yanamotoka kama mvuke. Jua likiwa la utosini maji yanatoka kwa kasi ambayo mizizi haiwezi kuifuata, hata kama udongo una unyevu wa kutosha. Basi jani linalegea, linajikunja, linajipunguzia eneo la kupigwa na jua. Umewahi kumwona mtu mwenye akili timamu amejinyoosha juani saa nane? Jua likishuka mizizi inafidia deni lake, na ikifika magharibi jani limesimama kana kwamba si lile lililokuwa linakutisha mchana. Ukitaka kujua kama mmea una kiu kweli, uangalie alfajiri. Ukiukuta umenyauka na jua halijatoka, hapo una haki ya kukimbilia bomba. Au tia kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Kidole ni chako, hakiuzwi wala hakihitaji chaji.

Sasa njoo kwenye kilichoziua. Mizizi inapumua. Udongo mzuri ukiufinyanga mkononi unasambaratika kwa sababu katikati ya chembe zake mna nafasi, na kwenye nafasi hizo mna hewa. Ukimwaga maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku 9, zile nafasi zinajaa na hazipati muda wa kumwagika, hewa inatoweka, mizizi inakosa pumzi na kuanza kufa, na vimelea vya kuoza vinakaribia meza iliyotandikwa. Mzizi uliokufa haunywi. Usiponywa, jani linanyauka. Jani likinyauka, shangazi anaona kiu! Anachukua keni. Ni kumkuta mtu anazama, ukamwonea huruma, ukampelekea glasi ya maji.

Kinachoniuma ni kwamba uvivu ungeziokoa. Mtu asiyejali angezisahau siku tatu zikapona.

Haya, kuna miche ya kweli ya kuhurumiwa. Iliyopandikizwa jana bado haijashika udongo, na iliyo kwenye makopo madogo inakauka kati ya kifungua kinywa na adhuhuri. Hiyo ipe maji hata saa sita. Nina mipilipili miwili kwenye makopo ukutani ambayo, nikiwa mkweli, nilisahau kuitaja kwenye maagizo, na imepona kwa sababu ya shangazi huyuhuyu. Nimeshalisema, tusilirudie. Na lile la kwamba matone yanaunguza majani kama lenzi? Kwenye jani laini lisilo na manyoya tone halina ubavu huo. Cha kuogopa ni maji yaliyolala kwenye mpira wa kumwagilia juani: yale ya mwanzo yanayotoka huthubutu kumwogeshea mtoto.

Siku ya pili sikutoka nje kabisa. Nilikaa na rangi za maji nikijaribu kuchora lile tuta tupu, kwa kisirani tu. Yeyote aliyewahi kupaka rangi za maji wakati wa joto anajua adha yake. Unapaka anga, unachovya brashi, ukirudi anga imekwisha kauka na imeacha ukingo mkali pale ulipotaka ulaini. Basi unaanza kurekebisha. Unalowesha hapa, unasugua pale, unaongeza buluu kidogo, na ghafla una rangi ya maji ya kufulia. Ukingo ule mkali ungeachwa ungefanana na wingu. Nimeharibu karatasi nne kwa namna hiyo mchana ule, na katikati ya ya nne nikamsikia shangazi uani, anamimina maji kwenye tuta lisilo na kitu.

Nikamkumbuka Monet, yule mchoraji Mfaransa. Alihamia Giverny, Ufaransa, mwaka 1883. Mwaka 1893 alinunua kipande cha ardhi ili achimbe bwawa la mayungiyungi, na watu wa pale wakampinga wakihofu mimea yake ya kigeni itawatilia sumu majini. (Majirani na bustani za watu! Tangu lini wamekosa la kusema?) Alilipata bwawa lake, na kutoka hapo akalitazama karibu miaka 30. Picha za mayungiyungi peke yake ni kama 250. Bwawa lilelile, maua yaleyale, mwanga tu ndio unabadilika, na baadaye hata macho yake, maana mtoto wa jicho ulimwingia na akafanyiwa upasuaji mwaka 1923. Katika picha za miaka ile ya giza unaona kijani kimekuwa kahawia na nyekundu imewaka kupita kiasi. Aliendelea kutazama.

Najua mtanirukia: bustani ile haikujiotea. Alikuwa na watunza bustani, na mmoja kazi yake ilikuwa kuingia na mtumbwi kuyasafisha mayungiyungi yasishike vumbi. Sawa. Lakini mwenye bustani alikuwa amekaa kwenye kiti chake anatazama, na hicho ndicho ninachokipigania. Sisi hatuna hata dakika kumi za kuutazama mmea bila kuufanyia kitu. Simu yangu wiki nzima inanishauri mambo ya kufanya ili "nisipoteze kiangazi". Kiangazi kinapotea vipi? Kinaenda wapi?

Na hiyo hiyo simu iliniahidi mvua, asilimia 40. Nilianika nguo, nikaanua, nikaanika. Jioni zilikuwa kavu na mimi nimelowa jasho.

Muziki nao. Kila mtu anadhani muziki wa msimu wa joto lazima uwe wa kurukaruka, spika kubwa, watu wameshika vinywaji vyenye barafu. Ukitaka kusikia joto lenyewe sikiliza "Kiangazi" katika Majira Manne ya mtunzi Mwitaliano, Vivaldi, yaliyochapwa Amsterdam mwaka 1725. Tamasha hilo, yaani kipande cha fidla na okestra, linaanza kwa uchovu. Fidla zinajikokota, zinasimama, zinavuta pumzi, zinajikokota tena, maana kila tamasha kati ya yale manne limeambatana na shairi, na shairi la kiangazi linamzungumzia mtu na kundi lake la mifugo wakilegea juani. Sehemu ya katikati mchungaji anataka kulala, lakini kuna nzi, na radi inaguruma mbali. Halafu inakuja sehemu ya tatu. Ndiyo ile mnayoisikia kwenye matangazo ya magari mkidhani ni ushujaa. Ni mvua ya mawe! Inakata vichwa vya nafaka shambani. Mtu amelima msimu mzima na fidla zinambomolea mbele ya macho yake, na sisi tunapiga makofi. Nimeisikiliza mara tatu mfululizo tangu nirudi, sauti juu, na kila ikifika kwenye mawe nautazama ule upande wa tuta.

Gitaa langu silisemi. Joto linalegeza nyuzi, unyevu unavimbisha mbao, na mimi nikazungusha na kuzungusha hadi uzi wa kwanza ukanikatikia usoni.

Saa za usiku ndizo zinanipatanisha na msimu huu. Mchana hewa ya chini ni ya moto kuliko ya juu, sauti inapinda kuelekea angani, ndiyo maana adhuhuri dunia inakuwa kama imezibwa masikio. Usiku ardhi ikipoa mambo yanageuka, sauti inarudi chini na kusafiri mbali. Unasikia mtu anacheka ng'ambo ambako mchana usingesikia hata ngoma. Na nyenje. Mwanafizikia mmoja Mmarekani, Amos Dolbear, alichapisha mwaka 1897 kanuni ya kupima joto kwa milio ya nyenje, kwa sababu wadudu hawa kadiri joto linavyopanda ndivyo wanavyolia haraka. Kwa wale wanaolia kwa mpigo wa sawasawa, watu husema hesabu milio ya sekunde 8, ongeza 5, umepata nyuzi za Selsiasi. Juzi usiku nilimhesabu mmoja chini ya dirisha: milio 21. Ndiyo kusema nyuzi 26. Kipimajoto changu kilisema 28. Aidha nyenje wangu hajaisoma kanuni au si wa aina iliyokusudiwa, lakini nilikaa naye nusu saa, na hiyo nusu saa sikumnywesha chochote.

Ni usiku huohuo shangazi alikuja kukaa nami kibarazani. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia taratibu habari za mizizi. Kabla sijaanza akaniambia, kama mtu anayeongea na giza, kwamba mumewe mwishoni alikuwa hawezi kushika kikombe. Alimuuguza miezi 7. Maji alimpa kwa kijiko, asubuhi, mchana, jioni, na usiku akishtuka. "Nilikuwa nikiona midomo imekauka tu, nampa." Kisha akanyamaza. Nikasahau hotuba yangu yote. Bado nasema alizikosea zile nyanya, na mizizi haijali nani amefiwa. Ila nimeacha kuuliza kwa nini hakuweza kuona kitu kimelegea mbele yake akakipita.

Mche mmoja umebaki. Uko pembeni, mahali ambapo tuta linainuka kidogo na maji hayakutuama. Jana saa nane nilimwita shangazi tukausimamia. Ulikuwa umelegea vibaya mno, majani yananing'inia kama nguo zilizoanikwa bila kukamuliwa. Nikamwambia, leo tunautazama tu. Akafunga mikono nyuma ya mgongo kwa nguvu, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki.

Saa tisa: "Bado?" "Bado, shangazi." Saa kumi alileta kigoda. Saa kumi na moja kivuli cha ukuta kikaufikia, tukaacha kuongea. Jani la juu kabisa ndilo lililoanza. Huwezi kuliona likiinuka, unaangaza pembeni ukirudi limesogea. Kufikia saa kumi na mbili na nusu mche mzima ulikuwa umesimama, na shangazi alikuwa ameinama uso umekaribia kugusa majani, ananusa ile harufu ya nyanya inayobaki vidoleni.

"Kumbe," akasema.

Nikadhani tumemaliza. Akajinyoosha, akapangusa mikono kwenye kanga, akanigeukia.

"Haya mwanangu, na ile keni umeificha wapi?"