Rangi yenye risasi: familia ya Tanga ianze kwa wakili au kwa kipimo?

Nyumba nyingi za zamani pale Ngamiani zina milango na madirisha ya mbao yaliyopakwa rangi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta, miaka nenda miaka rudi. Fundi akija kupaka upya hupiga msasa mkavu, vumbi linatua ukumbini, na mtoto anayetambaa analipeleka mdomoni. Ikiwa katika tabaka zile imo rangi yenye madini ya risasi, mtoto huyo anakula sumu. Rangi ya njano, nyekundu na kijani kali ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu risasi ilitumika kuzipa mng'ao. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Dawa ipo ya kuipunguza kwenye damu inapozidi sana, lakini ubongo ulioumizwa haurudi ulivyokuwa.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaosema familia hizi zipewe mawakili, zishtaki, zilipwe. Wengine wanaona kesi itakula miaka na fedha ambazo zingetosha kuondoa rangi mbovu majumbani.

Wanaotaka mahakama wana mfano wa jirani kabisa. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Walifungua shauri mwaka 2016, na Julai 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia zilibebeshwa lawama pamoja na kampuni. Mahakama ya Rufani ikaiweka kando tuzo hiyo, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha. Ni ushindi mkubwa, na mimi naufurahia. Ila aliyekuwa na mwaka mmoja kesi ilipofunguliwa alikuwa ameshafika miaka tisa.

Na pale angalau bomba la moshi lilionekana. Rangi ya ukutani haina bomba. Nani aliitengeneza ile ya tabaka la tatu? Marekani, iliyopiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, imehangaika na swali hili miaka mingi. Jimbo la Rhode Island lilishinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwaka 2006, mwaka 2008 mahakama ya juu ya jimbo ikafuta ushindi huo. California kampuni tatu zilikubali mwaka 2019 kutoa dola milioni 305, baada ya takriban miaka 19 ya kesi, na fedha hizo zilikuwa za kusafisha nyumba. Hazikuwa fidia ya mtoto mmoja mmoja. Wanaoipinga njia ya mahakama wasikilizwe hapa, hawasemi ovyo.

Kwetu sheria haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na haki ya kwenda mahakamani kuidai. Madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu, lakini kwa mtoto muda hauanzi kuhesabiwa mpaka atoke utotoni. Unaweza kudhani basi hakuna haraka.

Haraka ipo, tena kubwa. Risasi kwenye damu hupungua kwa nusu katika muda wa kama mwezi mmoja baada ya chanzo kuondolewa; inayobaki hujificha kwenye mifupa. Mwenye nyumba naye akipaka upya, au akibadilisha mlango, ushahidi umekwenda. Sheria inamsubiri mtoto, damu haimsubiri. Ndiyo maana naona msaada wa kisheria unaoketi ofisini kungoja familia ilete vielelezo hautazifaa familia hizi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko mitaani. Hawasimami mahakamani kama mawakili, lakini wanaweza kuisaidia familia kuomba kipimo cha damu na kutunza majibu, kuchukua kipande cha rangi chenye tabaka zote mbele ya mjumbe, na kuhifadhi kopo na risiti ya hadiwea.

Kuhusu nani ashtakiwe, sikubaliani na wanaoanza na mwenye nyumba. Wengi ni wazee wanaoishi kwa kodi ya vyumba vitatu vinne, na wao wenyewe wanalala humo humo. Akielezwa, akakataa kurekebisha, hapo sawa. Vinginevyo macho yaelekee kwa mtengenezaji, mwagizaji, na msimamizi aliyeiacha rangi ifike dukani. Na familia ziungane katika shauri moja, kama walivyofanya wa Owino Uhuru, maana gharama ya mtaalamu mmoja tu inaweza kuishinda kaya moja ya Makorora.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa damu ikifikia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita. Daktari akiandika chanzo hicho kwenye cheti, kwa tarehe na kwa jina la nyumba, tiba na kesi vimeanza siku moja. Ndugu za mtoto huyo wanaolala naye chumba kimoja wapimwe siku hiyo hiyo.