Leo mmesoma nini? Tumecheza

Jumapili usiku, watu wakishamaliza kula, ndipo kundi la simu la wazazi wa darasa langu linapoamka. "Mwalimu habari za jioni. Samahani kwa usumbufu. Hivi hawa watoto wanasoma nini siku hizi? Huyu wangu kila nikimuuliza ananiambia wamecheza." Kabla sijajibu, mwingine keshadakia: "Afadhali wako kacheza, wangu anasema wamekunywa uji." Halafu anakuja baba mmoja ambaye huwa haandiki mpaka akasirike: daftari la mwanawe lina kurasa nne tu tangu Januari, wakati mtoto wa jirani yake anayesoma shule ya kulipia keshamaliza daftari la pili.

Nafundisha awali katika shule ya serikali hapa Morogoro, huu mwaka wa kumi na moja. Wazee bado wananiita mwalimu wa vidudu, nami naitika. Jibu la maswali hayo ninalo siku zote: ni kweli, wamecheza. Na uji wamekunywa.

Lakini sitaki kuwacheka wazazi, maana kosa la kwanza ni letu walimu. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukusimulia alichojifunza, kwa sababu yeye hakuona kama alikuwa anajifunza. Asubuhi tulikaa mduara, kila mmoja akasema jana usiku alikula nini. Tukapanga visoda vitano vitano. Tukapiga makofi kwa majina yetu. Wengine walikuwa kona ya duka wanauziana mawe, na ugomvi ukazuka kwa sababu muuzaji kagoma kutoa chenji. Kwenye uji, mtoto wa zamu alihesabu vikombe na watu, akaona vikombe havitoshi, akaja kuniambia vimepungua vitatu. Vyote hivyo, ukimuuliza saa kumi jioni, ni neno moja: tumecheza. Mimi nisipomwambia mzazi kilichokuwa ndani ya mchezo huo, atajulia wapi? Kitu pekee kinachofika nyumbani ni daftari, basi atapima shule kwa daftari.

Na mimi nilishawahi kuwapa walichotaka. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilisema mwaka mmoja wa awali uwe wa lazima, kisha Januari 2016 elimu bila ada ikaanza. Nchi nzima, walioandikishwa awali wakapanda kutoka milioni moja na kidogo mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi mwaka ule nilikuwa nao 112, wengine wamekaa chini kwenye mkeka nilioutoa nyumbani kwangu. Ukiwa na watoto 112, njia rahisi ya kupata utulivu ni kuwaandikisha. Nachora mstari wa "a" kwenye kila daftari, wanaujaza mpaka chini, napiga vema kwa wino mwekundu. Daftari moja dakika moja, madaftari 112 karibu saa mbili. Na kazi ya nyumbani vilevile: kurasa mbili za "a".

Wazazi waliridhika. Miaka ile sikupata lalamiko hata moja kutoka nyumbani. Malalamiko yalitoka kwa mwenzangu wa darasa la kwanza, aliyepokea watoto wanaoichora "a" vizuri kama wanavyochora nyumba, mlango hapa na dirisha pale, ila hawajui inatamkwaje.

Sasa hapo kwenye kutamka ndipo ninapotaka wazazi wanisikilize, maana ndipo msaada wa nyumbani unapoharibu zaidi bila mtu kukusudia.

Darasani tunafundisha sauti. Herufi "m" tunaitaja kama mtu anayefurahia chakula, midomo imefungwa: mmm. Ukiiweka mbele ya "a" inakuwa "ma" yenyewe, bila kulazimishwa. Kiswahili ni lugha yenye huruma sana kwa mtoto anayeanza kusoma: irabu tano tu, kila moja ina sauti yake na haigeuki, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. Aliyeshika ma, me, mi, mo, mu anashika na ba, be, bi, bo, bu. Mtoto akielewa mchezo huo, kwa kweli wewe mzazi huna kazi tena.

Lakini nyumbani kuna baba aliyejifunza a, be, che, de, na kuna simu yenye katuni inayoimba ei, bi, sii. Mwaka huu niliandika "baba" ubaoni, nikamwita mtoto mmoja mwenye akili sana, wa kuja na jibu kabla ya swali. Akatazama, akavuta pumzi, akasoma: "Bi-ei-bi-ei." Darasa likacheka. Aliyemfuata, huyo kafundishwa na babu yake, akasema ni "bea-bea". Wote wawili walikuwa sahihi kwa jinsi walivyofundishwa. Kila mmoja alikuwa ametaja majina ya herufi kwa utaratibu, na "baba" hakuonekana popote. Ilinichukua wiki tatu kumtoa yule wa kwanza kwenye bi-ei, na kila Jumatatu anarudi nayo mpya kabisa kutoka nyumbani.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukitaka kumsaidia mtoto wa awali, usimnunulie daftari la pili. Mwulize mwalimu mambo mawili: wiki hii ni sauti gani, na namba gani. Kisha weka penseli pembeni.

Siku hizi natuma ujumbe wenyewe Ijumaa mchana, mistari mitatu tu. "Wiki ijayo: sauti m. Namba 5. Kunawa mikono. Nyumbani: tafuteni jikoni vitu vinavyoanza na mmm, mvipigie makofi." Basi. Mara ya kwanza kuutuma, mama mmoja aliniuliza kama nimekosea kundi.

Makofi ndiyo siri. Mkeka: m-ke-ka, makofi matatu. Mafuta: ma-fu-ta, matatu. Mchi: m-chi, mawili. Hapa mtoto anagundua kitu ambacho watu wazima wengi hatujawahi kukitazama, kwamba ile "m" ya mkeka inasimama peke yake kama silabi nzima, wakati "m" ya mbuzi imeng'ang'ania mwenzake: mbu-zi. Bibi mmoja alikuja mpaka shuleni kuniuliza kuhusu hiyo hiyo mbuzi, ya kukunia nazi. Mjukuu wake kamkatalia kuwa haianzi na mmm, inaanza na "mbu". Bibi mwenyewe hajui kusoma, na alianza kwa kuniomba radhi kwamba yeye hana cha kumsaidia mtoto. Nikamwambia, mama, mmebishana kuhusu silabi jikoni kwenu, mimi hapa natafuta wa kubishana naye kutwa sipati.

Bibi huyo ananikumbusha jambo jingine ambalo tunalikosea. Kundi la simu linamfikia baba aliye kazini na mama aliye sokoni. Anayekaa na mtoto kuanzia saa sita mchana ni bibi, au dada wa kazi, au kaka yake wa darasa la nne. Hao hawamo kwenye kundi. Ndiyo maana ujumbe wa wiki nauandika pia kwenye manila na kuubandika mlangoni, kwa herufi kubwa, na nawapa kazi kaka na dada wanaokuja kuwachukua wadogo zao: soma hapa, kamwambie bibi. Kaka wa darasa la nne ni mwalimu mkali kuliko mimi, hilo nalo nikiri, nimeshamkanya mmoja aliyekuwa anamtandika mdogo wake makonzi kwa ajili ya "u". Lakini ujumbe unafika.

Na bibi ana vitendawili. Ukisema "kitendawili" mtoto akaitika "tega", hapo keshakaa sawa kusikiliza, na kusikiliza ndiyo nusu ya kazi yangu. Nyumba yangu haina mlango. Mtoto anafikiria, anakosea, bibi anaomba mji, anapewa. Yai! Kesho anakuja kunitega mimi mbele ya darasa zima, na mimi najifanya sijui.

Upande wa namba, jiko na genge vinatosha kwa mwaka mzima. Nenda na mtoto gengeni, mwonyeshe fungu la nyanya: tatu chini, moja juu. Ngapi? Tukinunua mafungu mawili? Usimwambie jibu, mwache aziguse. Akipanga vijiko vya chakula cha jioni, mwambie ahesabu watu kwanza. Utamsikia akisema "vijiko vitano, vijiko visita". Usimkemee, maana hapo katumia akili kweli kweli: kasikia viwili, vitatu, vinne, vitano, akajitengenezea kanuni, bila kujua kwamba sita, saba na tisa zilikuja na Waarabu na hazikubali kuvishwa "vi". Wewe sema tu, "Ehee, vijiko sita," uendelee na ugali wako. Atajirekebisha.

Wenye mabinti wakubwa nyumbani, waacheni wacheze mdako na wadogo zao. Unarusha jiwe juu, unachota vijiwe kutoka kwenye shimo, unavirudisha ubakize kimoja. Raundi inayofuata unabakiza viwili, halafu vitatu. Mimi nikiandaa zana za kutoa na kujumlisha wiki nzima sifikii hapo, na wao wameokota tu kokoto barabarani.

Najua swali linalofuata: na mwandiko je? Mwandiko unakuja kwa vidole, na vidole vya mtoto wa miaka mitano bado vichanga. Hata mifupa midogo ya kifundo cha mkono haijakomaa. Ndiyo maana anakamata penseli kama mchi, na akiandika ukurasa mmoja mkono unamuuma anaanza kulia. Mpe maharage achambue. Mpe kitunguu saumu amenye. Afunge vifungo vya shati lake mwenyewe hata kama mnachelewa. Akande donge la unga, ajifanye anapika chapati. Wakati wa kalamu ukifika ataishika vizuri.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024, ukianza na sisi awali, la kwanza na la tatu, unataka mtoto ajifunze kwa kutenda na kucheza. Wa zamani nao ulitaka hivyohivyo. Mtaala haukuwahi kuwa shida. Shida ni hofu: mzazi anahofia mwanawe ataachwa nyuma, mwalimu anahofia mzazi atamhamisha mtoto, mwenye shule ya kulipia anaijua hofu ya wote wawili na anaiuza kwa daftari la kurasa 96. Naielewa. Hata binti yangu mwenyewe alipokuwa na miaka mitano nilimkalisha mezani usiku ajaze mistari, mimi niliyekuwa nimesomea mambo haya. Alilala juu ya daftari, udenda ukaloanisha ukurasa mzima wa "e".

Sasa nirudi kwenye wiki yetu ya sauti m, kwa sababu niliahidi kwenye kundi kueleza kilichotokea Jumatatu.

Niliwaomba waje na kitu kimoja kutoka nyumbani. Walikuja na mwiko, maharage, mche wa mchicha wenye udongo wake, kipande cha mkaa, na mmoja kaleta picha ya mama yake, nikaona hilo ni jibu bora kuliko yote. Tukavipigia makofi kimoja kimoja. Kisha akaja yule bingwa wa bi-ei, kashika kiberiti kwa mikono miwili. "Mmm," akasema, safi kabisa, midomo imefungwa, mpaka nikataka kumkumbatia. Nikamwambia afungue tuone. Akafungua.

Alikuwa mende. Mzima.

Me-nde, tulipiga makofi mawili, wengine wakiwa wameshapanda juu ya viti. Mende alielekea kona ya duka na hadi leo hatujamwona. Mama yake alinitumia ujumbe jioni ile kuomba radhi, kwamba mtoto alihangaika kumtafuta kabatini usiku mzima na yeye alidhani anatafuta kichongeo.

Ijumaa iliyofuata nilituma mistari yangu mitatu kama kawaida, ila nikaongeza wa nne: "Wiki ijayo ni sauti k. Wapendwa wazazi, kunguni asiletwe."